Dakika Nne za Mwisho

Siku ishirini na tatu nzima Vifungo hakupita njia ile. Alikuwa akitoka nyumbani anazunguka nyuma ya posta, anakatiza kwenye duka la vioo, anachelewa kazini robo saa, ilimradi asipite mbele ya kliniki ya meno. Siku ya ishirini na nne mama yake alimwekea mezani kikopo chenye kifuniko. Ndani yake, kwenye maji, ilikuwemo seti ya meno ya chini. Mama alisema inambana ufizi wa kushoto, na harusi ni Jumamosi ijayo, na yeye hawezi kukaa mbele ya wageni akitafuna kwa upande mmoja kama mbuzi.

"Mama, si uende mwenyewe?"

Mama akasema hana uso wa kwenda. Mdomo huu huu uliomkataa yule fundi, leo aende akamfunulie aupime? Aliyasema hayo kwa shida, maana bila meno ya chini maneno yalikuwa yakimponyoka mengine kabla hajayamaliza, na siku nyingine Vifungo angecheka hadi akae chini. Siku hiyo alichukua kikopo tu, akatoka.

Vifungo lilikuwa jina la utani. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na katika mtaa ule hapakuwa na shati la mwanafunzi ambalo halikupitia mikononi mwake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na jino moja la pembeni lililompanda mwenzake, ambalo akicheka huliziba kwa kiganja.

Huyo aliyekuwa akimkwepa naye watu walimwita Fundi Meno. Hakuwa daktari. Daktari alikaa chumba cha mbele chenye kiti cha kulalia; Fundi Meno alikaa chumba cha nyuma, peke yake, akitengeneza meno bandia, kati ya taya za plasta zilizopangwa rafuni kama vikombe. Alikuwa mrefu, mpole, vumbi jeupe halimtoki kwenye nyusi, na alikuwa na kigugumizi. Maneno ya kila siku yalimtoka vizuri, lakini ya moyoni, hasa yaliyoanza na m au n, yalimkaba kooni. Sasa wewe mwenyewe fikiria mwanaume anayetaka kumwambia mwanamke "mimi nakupenda" akiwa na koo la namna hiyo.

Walijuana mwaka uliotangulia, siku Vifungo alipompeleka mama yake kupimwa seti hiyo hiyo. Alipoingia chumba cha nyuma alimkuta Fundi anachonga, na simu imeegemezwa kwenye ndoo ya plasta inazungumza. Mama mmoja, amesimama jukwaani hana karatasi, alikuwa akieleza jinsi nyuki wanavyochagua nyumba mpya bila ya kuamriwa na malkia. Vifungo alisimama mlangoni akasikiliza hadi watu wakapiga makofi. Mama yake akamwita mara tatu. Fundi akainua macho, akamwona jinsi alivyosimama mdomo wazi, akatabasamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi namna ya kuzipata hotuba za aina hiyo.

Kazi zao zilifanana kwa jambo moja: mikono ina shughuli, macho yana shughuli, masikio yamekaa bure. Vifungo akanunua hedifoni. Tangu hapo akishona pindo anamsikiliza mzee aliyeishi miaka kumi kwenye barafu, akitoboa matundu ya vifungo anamsikiliza msichana aliyebuni mguu wa bandia wa kumpa kaka yake. Hotuba zenyewe fupi, robo saa, dakika kumi na nane ikizidi, na kila mtu anasimama kuwaambia wenzake jambo moja tu alilolijua vizuri. Vifungo, aliyeishia darasa la saba, alisema ni kama kufungua madirisha ukiwa umekaa pale pale.

Wakaanza kutumiana, na kutumiana kwao kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, humtumii mwenzako kitu ambacho hujakisikiliza mpaka mwisho. La pili, humwambii inahusu nini. Unamtegea kitendawili, naye jibu alitafute humo ndani.

"Nina mioyo mitatu na sina hata mfupa mmoja wa kuibebea," Fundi aliandika siku moja. Vifungo akasikiliza hotuba ya mpiga mbizi, akajibu: pweza. Naye akarudisha chake: "Nakuonyesha jana, wewe unadhani ni leo." Fundi alikaa nacho siku mbili kwa ukaidi wa kutaka kubahatisha kabla ya kusikiliza. Alishindwa, akasikiliza, akajibu: nyota.

Kwenye kuandika Fundi hakuwa na kigugumizi. Hata hivyo hakuandika la moyoni hata siku moja. Alikuwa akiwatuma hao wa jukwaani. Alituma ya mzee aliyeeleza kwa nini watu hushikana mikono, na Vifungo siku hiyo alishona mkono wa shati nje ndani. Alituma ya daktari wa moyo, ya mtu aliyejenga daraja, ya wanandoa walioendesha duka moja miaka arobaini. Vifungo alizoea kuzisikiliza kama mtu anayesoma barua, akitafuta yeye yuko wapi humo.

Nyumbani hawakufurahia. Kaka yake mkubwa alikuwa na dhihaka yake: meno mia mbili mezani kwa yule bwana, na hakuna hata moja linalosema. Mama alikuwa mkali zaidi. Alisema mwanaume anayechumbia kwa midomo ya watu, siku ya kugombana ataleta midomo ya nani? Vifungo akawajibu kwamba anayajua anayoyasema Fundi. Mama akamwuliza ameyajuaje ikiwa hajayasema.

Ndipo alipokuja Mwalimu. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, aliyefiwa na mkewe akaachwa na binti wa miaka sita. Alikuja mchana kweupe, akakaa, akasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia kwamba anamtaka Vifungo awe mkewe, na kwamba akikataliwa hataona ubaya. Wakampa Vifungo mpaka Ijumaa. Jumanne akamwandikia Fundi: "Kuna mtu amekuja nyumbani. Nimepewa mpaka Ijumaa. Tafadhali, sema lolote."

Alhamisi mchana ikaja hotuba. Na kitendawili: "Kila siku naamka mapema, wala sichoki. Mimi ni nani?"

Vifungo alitoa mguu kwenye pedali akasikiliza. Ijumaa akawaambia nyumbani kwamba amekubali.

*

Siku hiyo ya kikopo, kengele ya mlango wa kliniki ililia, msichana wa mapokezi akamwelekeza nyuma kana kwamba hamjui. Fundi alikuwa amekaa na miwani ya kazi. Alipomwona alisimama, akaketi, akasimama tena. Amekonda, Vifungo akawaza, na papo hapo akajikataza kuwaza.

"Ni ya mama," akasema, akaweka kikopo mezani. "Inambana."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Fundi akaitoa seti, akaikausha, akapitisha kidole taratibu kama anayepapasa makali. Akawasha mashine ndogo ya kusugua. Ikalia, ikanyamaza. Akaangalia kwenye mwanga, akasugua tena. Vifungo aliikazia macho mikono ile, maana mahali pengine pa kutazama palikuwa pagumu zaidi.

"Hongera," Fundi akasema bila kuinua uso.

"Asante. Nilifuata ulivyoniambia."

Mashine ikazimika. "Nilivyokuambia nini?"

"Fundi, usinifanyie hivyo. Ulinitumia yule mtu wa korongo."

"Ndiyo. Kwamba ungoje."

Vifungo alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama kama anatania, akaona hatanii. Uso wa Fundi ulikuwa uso wa mtu aliyekaa siku ishirini na nne akijiuliza amekosa nini.

"Kwamba ningoje?" akarudia. "Wewe umeisikiliza hotuba ile?"

Fundi akafuta kidole gumba kwenye aproni, akachukua simu, akaitafuta. Akaiegemeza pale pale kwenye ndoo ya plasta. Wakakaa mmoja huku na mmoja huku, taya nyeupe zikiwatazama kutoka rafuni.

Msemaji alikuwa mwanaume mwenye ndevu, mtunza ndege walioumia. Alisimulia jinsi alivyomwokota korongo aliyevunjika bawa. Ndege hakumwamini. Kila alfajiri alimpelekea samaki, akakaa chini hatua kumi mbali, akangoja. Miezi ikapita, hatua kumi zikawa nane, nane zikawa tano. Watu wakamcheka. Yeye akaamka kila siku, akangoja, wala hakuchoka. Fundi alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, midomo inamfuata msemaji neno kwa neno, na dakika ya kumi na moja, pale korongo alipokula mkononi kwa mara ya kwanza, alimgeukia Vifungo kama anayesema: umeona?

"Endelea," Vifungo akamwambia.

Hapo ndipo midomo ya Fundi ilipoacha kumfuata msemaji. Mwenye ndevu alikuwa akisema kwamba asubuhi ile, ndege akiwa anakula mkononi mwake, aliona jicho la ndege huyo liko juu, kwenye anga. Akaelewa kwamba bawa lilipona zamani, na kwamba aliyekuwa akimhitaji mwenzake sasa ni yeye, si ndege. Akainuka akafungua mlango wa banda. Akasema kama unampenda mtu, iko siku ya kumngojea na iko siku ya kumfungulia mlango, na asiyeijua siku ya pili hakupenda, alifuga. Watu wakasimama wakapiga makofi.

Vifungo hakuwa akitazama simu. Alikuwa akimtazama Fundi, na alichokiona alikuja kukikumbuka miaka mingi: mtu mzima akisikia kwa mara ya kwanza maneno aliyoyatuma yeye mwenyewe.

"Zilibaki dakika nne," Fundi akasema, sauti haina nguvu. "Daktari aliniita. Kulikuwa na mgonjwa kitini. Nikaona kesho ni Ijumaa, nikichelewa... nikaituma."

"Hukuifikisha mwisho."

"Sikuifikisha."

"Mwaka mzima, Fundi, hukuwahi kunitumia kitu hujakimaliza."

"Siku hiyo tu. Mwisho wake nilidhani naujua."

Vifungo alijishika kwenye ukingo wa meza. Alikuwa na hasira, akaitafutia mahali pa kuiweka asipapate. Akamwuliza kwa nini hakuja kwa miguu yake. Kutoka pale mpaka kwenye cherehani yake ni mitaa miwili. Siku zote ishirini na nne, kwa nini hakuja?

"Sikuona jibu lako. Nikadhani umechukizwa." Akainua uso. "Na wewe? Ni mitaa ile ile miwili."

Vifungo alikuwa amemwamini mwanaume mwenye ndevu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, akaacha kwenda kumwuliza mtu wa mtaa wa pili. Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha.

"Basi sema sasa," akamwambia. "Sema wewe. Usinitumie mtu."

Mkono wa Fundi ulikwenda kwenye simu wenyewe, kwa mazoea. Akauona, akaurudisha. Akavua miwani. Akafungua mdomo na neno la kwanza likamkaba, likamkaba sana, mishipa ikamsimama shingoni, na Vifungo akatamani kumsaidia kulimalizia, akauma ulimi asimsaidie.

"Mimi," akasema hatimaye. "Mimi natengeneza meno ya watu. Ya mbele huwa siyalinganishi. Daktari ananigombeza kila siku, anasema wenzangu wanayanyoosha kama ukuta. Mimi naliacha la pembeni limpande kidogo mwenzake." Akapumua. Kila sentensi ilikuwa kama mtu anayepandisha gunia ngazini. "Ni lako lile. Mwaka mzima, kila aliyetoka humu na meno mapya, ametoka na kicheko chako. Nikipita sokoni nakiona. Kwa muuza mkaa. Kwa yule bibi wa posta. Nakiona kila mahali isipokuwa nyumbani kwangu." Vifungo akadhani amemaliza, lakini hakuwa amemaliza. Lilikuwa limebaki moja, lile gumu kuliko yote, na alilipambania hadi jasho likamtoka, hadi akalitoa. "Nakupenda."

Nje daktari alimwita. Fundi hakwenda.

Vifungo alicheka na kulia kwa pamoja, na mara hii hakuziba mdomo kwa kiganja. Hakuna mtu aliyewahi kusema vile, si jukwaani wala kwingineko. Alimwambia hivyo. Alimwambia hiyo ndiyo hotuba nzuri kuliko zote alizozisikia tangu siku ya nyuki. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akakaa kwenye kigoda kando ya ndoo ya plasta.

"Jumapili nilikuwa nampima yule mtoto wa Mwalimu gauni la harusi," akasema.

Fundi alingoja.

"Nimemwekea tepu begani, ametulia, hata hapumui. Akaniuliza, nikuite nani? Nikamwambia, wewe unataka kuniita nani? Akasema anataka kusema mama, ila anaogopa yule wa kwanza atasikia vibaya. Nikamwambia hatasikia vibaya. Nikamwambia, niite mama." Akavuta pumzi. "Tangu siku hiyo, Fundi, ananiita kila baada ya neno. Mama njoo, mama tazama. Anaita hata kama hana haja. Anajaribu kuona kama nitaitika."

"Na unaitika."

"Naitika."

Ingekuwa ni Mwalimu peke yake, Vifungo angekwenda kumwambia ukweli jioni hiyo hiyo, na Mwalimu alivyo, angeinuka akamsindikiza. Ingekuwa ni mama na kaka, wangepiga kelele mwezi mmoja wakachoka. Fundi aliyajua hayo yote bila kuambiwa.

"Ana miaka mingapi?" akauliza.

"Sita."

"Ameanza kung'oka meno?"

"Mawili ya mbele. Hawezi kutamka hata jina la shule yake."

Fundi akatabasamu, tabasamu ambalo Vifungo angetoa hata cherehani yake ili libadilike. Akaichukua seti ya mama, akaisugua kidogo tena pale kushoto, akaiosha, akaitia kikoponi. Akasema mama asiivae kutwa nzima siku ya kwanza, avae saa mbili mbili mpaka ufizi uzoee. Vifungo akasema atamwambia. Fundi akaeleza tena jambo lile lile, na Vifungo akajibu tena vile vile, maana kikopo kikishafungwa hapakuwa na kisingizio kingine cha kubaki.

Mlangoni Fundi akamwuliza, "Nisikutumie tena?"

Vifungo alitaka kusema moja moja, mara chache, za nyota tu na wanyama. Alifungua mdomo kuyasema hayo. Akaona itakavyokuwa: yeye amekaa nyumba ya mtu mwingine na hedifoni masikioni, akimtafuta Fundi ndani ya sauti za wageni.

"Usinitumie," akasema.

"Haya."

Alirudi nyumbani kwa njia fupi. Mama akavaa meno, akauma mara mbili tatu, akasema yamekaa, hayo sasa yamekaa. Kisha akamtazama binti yake machoni, akauliza kwa sauti ya chini kama yule fundi alisema kitu.

"Alisema, mama."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Mama akakaa chini polepole. Alitaka kuongeza neno, ilionekana, na kwa mara ya kwanza tangu Vifungo amjue, hakuliona la kuongeza.

*

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Vifungo alikuwa akimalizia gauni la mtoto. Kimya cha cherehani kilimshinda, akafungua simu atafute kitu chochote cha kusikiliza. Ikatokea hotuba ya bibi mmoja, mwembamba, mvi tupu, aliyetumia maisha yake kuchora ramani ya sakafu ya bahari mahali ambapo hakuna mtu atakayefika. Alieleza milima iliyoko kule chini, mirefu kuliko ya juu, iliyosimama gizani tangu dunia kuwa dunia. Vifungo alisahau sindano mkononi. Ilikuwa hotuba nzuri mno. Aliifikisha mwisho, na ilipokwisha kidole chake kilikuwa tayari kimefungua mahali pa kutuma, kinangoja jina.

Alikaa nacho hivyo, kidole hewani, hadi kioo cha simu kikazimika.

Mwalimu akaingia, amembeba mtoto begani, daftari za kusahihisha kwapani. Akamwuliza kwa upole alikuwa akisikiliza nini hata hakusikia hodi. Vifungo akaanza kumweleza habari za yule bibi, za ile milima, na mwanaume yule mwema akasikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa, huku jicho moja likiangalia mguu wa mtoto usiguse pasi.

"Vizuri sana," akasema. "Na gauni, limefikia wapi?"

"Mama," mtoto akaita kutoka begani. "Mama."

"Naam," Vifungo akaitika. Akamwambia Mwalimu limebaki pindo tu, akaweka mguu kwenye pedali.